Mota ya Isihaka na Mtani Wake Mngoni

Isihaka Namkuna wa Nkowe alikuwa na miaka sitini na mitatu, mke mmoja, mikorosho themanini na mtumbwi. Ukimuuliza anapenda nini zaidi kati ya hivyo, angekujibu kwa heshima kwamba ni mke, halafu angechukua kofia yake na kwenda zake mtumbwini.

Usimlaumu haraka. Mwanaima, mkewe, ni mwanamke mwema, ila kinywa chake hakijui Ijumaa wala Jumapili. Asubuhi atamwambia Isihaka namna ya kufunga kamba ya mbuzi, mchana namna ya kukaa, jioni namna ya kutafuna. Ziwani hakuna anayekwambia utafune vipi. Kwa miaka thelathini Isihaka aliwavusha watu ziwa dogo la Namichenga, wakulima na viroba vyao vya ufuta, wakwe na kuku wao. Abiria wakikosekana, alivua perege kimyakimya, na ukimya huo ndio uliomfanya awe mume mpole nyumbani.

Mwaka juzi akaanguka kutoka juu ya mkorosho akiwa anapogolea matawi. Bega la kulia likatoka, likarudishwa, likakataa kasia. Mwanaima alimhurumia siku mbili. Siku ya tatu akampa kigoda na fimbo, akae uani kufukuza kuku wasiparue korosho zilizoanikwa. Mtu aliyeitwa nahodha na vijiji viwili sasa alikuwa akibishana na majogoo. Isihaka alikonda.

Ndipo fundi Maximilian wa Ruangwa mjini, anayetengeneza mashine za kupulizia mikorosho dawa ya salfa, akamuundia dawa. Alichukua mota ya feni ya gari bovu, akaichomelea bomba refu, akatia pangaboi mwishoni, akaiunga kwenye betri ya sola. Haikuwa na moshi wala mafuta, na kelele zake hazikumzidi mbu. Siku ya kwanza Isihaka alivuka ziwa mkono mmoja ukiwa mfukoni. Machozi yalimtoka, akayafuta kabla hajafika ng'ambo, maana kulikuwa na watu.

Alivusha abiria wiki tatu. Wiki ya nne akaja Valentina.

Hapa lazima nikueleze jambo, bila hivyo utamwona Isihaka mjinga, na yeye si mjinga sana. Valentina ni Mngoni, aliolewa huku akitokea Songea. Isihaka ni Mmwera. Wangoni na Wamwera ni watani: babu zao walipigana vikali, wajukuu wakabaki na ruhusa ya kutukanana na kunyang'anyana bila kukasirika. Mtani akiingia kwako akabeba sufuria, unacheka, kisha unakwenda kuikomboa kwa kuku. Ukikasirika, aibu ni yako. Kwa Isihaka, Valentina alishabeba baiskeli na redio, na kwenye msiba wa dada yake alijilaza mlangoni, jeneza lisitoke mpaka apewe jogoo.

Lakini Valentina huyohuyo ndiye katibu wa kamati ya ziwa, na mwaka huu kamati ililetewa kanuni mpya za mota za umeme kwenye maji madogo. Isihaka alizisikia kama mtu anavyosikia mnada wa kijiji kingine.

Basi Valentina akafika ufukweni saa nne asubuhi, daftari mkononi.

"Mzee Isihaka, mota hii haijasajiliwa. Naichukua kwa mujibu wa kanuni."

Isihaka akacheka mpaka bega likamuuma. "Wangoni nyie! Babu zenu walibeba ng'ombe, nyie mnabeba mota! Chukua, mtani, chukua!"

"Leo sifanyi utani."

"Hata babu yako alisema hivyohivyo!"

Alimfungulia nati mwenyewe. Alipoona ameisahau betri, akamkimbilia nayo. Valentina akamwachia karatasi, na Isihaka, ambaye macho yake yalikataa maandishi madogo kabla bega halijakataa kasia, akaikunja na kuichomeka ndani ya kofia. Aliona safari hii Mngoni ameupamba utani wake vizuri.

Akangoja. Kukomboa mapema ni kumdekeza mtani; unamwacha akae na kitu mpaka akichoke. Siku kumi na mbili alifukuza kuku akitabasamu. Siku ya kumi na tatu Mwanaima akataka kufua kofia, akaikuta karatasi, akaisoma kwa sauti. Kesho saa tatu, ofisi ya kijiji, mbele ya afisa wa uvuvi kutoka wilayani. Asipofika, mota itataifishwa na hataruhusiwa kufunga nyingine. Chini palikuwa na muhuri.

"Utani wa Wangoni siku hizi unapigwa muhuri?" Mwanaima akauliza.

Jioni hiyo Isihaka hakula. Asubuhi akili zilimrudi nusu, na nusu hiyo ikamwambia kwamba, muhuri uwepo usiwepo, mtu haendi kukomboa kitu mikono mitupu. Akakamata jogoo mwekundu, akapanda bodaboda.

Ofisini alimkuta mwenyekiti wa kamati, Mzee Kaimu, na Valentina, na afisa Gaudens, kijana wa Bukoba aliyekuwa na mwezi mmoja tu huku kwetu. Isihaka akasalimia, akamweka jogoo mezani, juu ya kanuni.

"Nimekuja kukomboa mota."

Jogoo akajisaidia kwenye kifungu cha tatu. Gaudens akasimama wima.

"Mzee, unajua hii ni rushwa?"

"Rushwa huletwa kwa siri, mwanangu. Huyu kawika njia nzima."

"Hawa ni watani," Mzee Kaimu akaeleza.

Gaudens akamgeukia Valentina. "Katibu, kwani mota uliikamata kwa utani?"

Valentina akabanwa. Akisema ndiyo, karatasi yake ni takataka na ukatibu umekwisha. Akisema hapana, mtani wake wa miaka ishirini anapelekwa polisi pamoja na jogoo.

"Mota niliikamata kwa sheria," akasema polepole. "Jogoo ni wa redio. Mwaka jana aliikomboa kwa maneno matupu." Akamvuta jogoo, akamfunga miguu, akamsukumia chini ya kiti chake.

Isihaka akafungua kinywa aseme kwamba redio aliikomboa kwa kuku wawili wazima. Mzee Kaimu akamkanyaga mguu.

Kanuni zikasomwa. Mota ya umeme inaruhusiwa. Betri ikae ndani ya sanduku lenye mfuniko: analo. Majaketi ya kujiokolea: atanunua. Asipite kwenye matete samaki wanakotaga: hapiti. Mwendo usizidi wa mtu anayetembea: Mzee Kaimu akaapa kwamba yeye mwenyewe, na goti lake bovu, amewahi kuipita akitembea ukingoni. Hilo lilimuuma Isihaka, lakini akalimeza. Kalamu ya Gaudens ilikuwa ikiweka alama za vema.

"La mwisho. Kila chombo cha mota kiwe na kasia, na mtu wa kulipiga betri ikiisha katikati ya maji. Mzee, hebu piga hewani nikuone."

Isihaka akainua mkono. Ukafika usawa wa kifua, ukagoma. Akajaribu tena, jasho likamtiririka. Hakuna aliyecheka, hata Valentina, ambaye alikuwa na ruhusa.

"Pole sana, mzee," Gaudens akasema, na alimhurumia kwelikweli. "Bila mpiga kasia siwezi kusaini."

Isihaka akainamisha kichwa. Alikiona kigoda, na fimbo, na majogoo wote wa dunia.

"Niandike mimi."

Mwanaima alikuwa mlangoni. Alimfuata mumewe kwa bodaboda nyingine, kanga imejaa vumbi. "Nimezaliwa kando ya mto Mbwemkuru. Nimepiga kasia kabla sijang'oa meno ya utoto."

"Lakini mama, kanuni inasema uwemo kila safari."

"Kila safari. Asubuhi mpaka jioni. Na huyo anakaa vibaya mtumbwini, miaka thelathini namwona nikiwa ukingoni, nashindwa tu kumfikia."

"Unakubali, mzee?"

Isihaka akamtazama mkewe. Alimpenda saa ile kuliko siku ya ndoa yao, na saa ileile akaliona ziwa zima la Namichenga likifurika maneno, ukingo hadi ukingo. Alinyamaza muda mrefu, mpaka Gaudens akadhani hajasikia, akataka kumuuliza upya.

"Mwache amalize," Valentina akasema. "Huo ndio ukimya wake wa mwisho."

Isihaka akacheka, akachovya kidole gumba kwenye wino, na kabla hakijagusa karatasi Mwanaima akamwambia anakishika vibaya.