Mchungaji Aliyekaa Mpaka Chai Ikapoa

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko ninavyotaka, mwanangu: siku niliyowachekesha wazee wa kanisa, na kicheko hicho kikatuchagulia mchungaji. Walicheka mpaka katibu akavua miwani kufuta machozi. Nikarudi zangu nyumbani Kibokoni nimevimba kichwa, nikidhani nimefanya la maana. Ulikuwa upumbavu mtupu.

Nilikuwa kijana wakati huo. Usicheke. Kazi nilikuwa nimeshastaafu, lakini katika baraza letu la wazee mtu wa umri wangu ndiye aliyetumwa kufungua madirisha. Sasa nasikia wamekuweka wewe kwenye kamati ya kutafuta mchungaji mpya, na umeniomba neno. Neno ninalo, ila itabidi uvumilie na hadithi yake, maana siku hizi wa kuzungumza naye humu ndani ni birika tu.

Utaratibu wetu unaujua. Anayetaka kuitwa hupewa juma zima akae nasi, azunguke nyumba za washirika, kisha Jumapili ahubiri tumsikie. Walikuja wawili. Wa kwanza, Mchungaji Katana, alizunguka kweli. Na mimi, mwanangu, ni mtu wa nyumbani. Mlango wangu naupenda ukiwa umefungwa na mimi niko ndani yake. Alipopiga hodi nilikuwa nimejinyoosha na kikoi changu, usingizi wa alasiri ndio kwanza unakuja. Nilimkaribisha kwa mdomo, moyo ukiuliza ataondoka lini.

Hakuondoka. Alikula mahamri, akazungumza na mke wangu, Mama Mghoi, mpaka mke wangu akafikia habari za mama yake, aliyezikwa Taita na yeye hakuwahi mazishi. Jambo hilo sikuwa nimemsikia akilitaja tangu litokee. Akalia kidogo. Mchungaji hakumwombea haraka haraka ili apate kwenda zake. Alikaa tu. Chai ilipoa mbele yake ikafanya utando juu, nami napiga miayo waziwazi ili aelewe.

Jumapili yake ilipofika alihubiri kama mtu anayesoma bei za vitu dukani. Nusu ya kwaya ilisinzia.

Wa pili, Mchungaji Elijah, aliomba radhi kwamba ana shughuli nyingi, akaja Jumapili yenyewe asubuhi. Lakini sauti! Aliposema amina, vioo vya madirisha viliitikia kabla yetu. Alikula nasi mchana, akawahi feri, tukabaki tunamsifu mpaka jioni.

Tulipokaa kuamua, mama mmoja mzee alisimama akasema kwamba Katana alikaa na mumewe aliyepooza, akamlisha kwa mkono wake. Nikaona vichwa vinaitikia, nikauona usingizi wangu wa alasiri unakwenda. Ndipo nikasimama. "Ndugu zangu," nikasema, "huyu tukimwita, itabidi kila nyumba imtengee kitanda."

Wakacheka. Yule mama akaketi, na baada ya kicheko hakuna aliyelirudia neno lake. Elijah akapita.

Nilimsimulia Mama Mghoi kichekesho changu na madoido yake yote. Hakucheka. Alikusanya vikombe, akauliza tu, "Kwa hiyo yule harudi tena?"

Sitaki umlaumu Mchungaji Elijah. Tulimpima kwa mimbari, naye mimbari alitupa bila kupunja, Jumapili baada ya Jumapili. Nami nililala alasiri zangu zote kwa raha.

Kisha Mama Mghoi akaugua, ngazi zikamshinda, akawa wa chumba cha mbele. Kila aliposikia viatu vinapanda aliuliza, "Ni mchungaji?" Nami nikamjibu kuwa ni Bi Zuhura, jirani yetu wa chini, ameleta uji. Mwisho nikampigia simu Mchungaji Elijah. Alinijibu kwa upole, akamwombea papo hapo kwenye simu, sala nzuri kabisa. Simu ilipokatika Mama Mghoi akageukia ukuta, akasema, "Yule mwingine angekaa."

Yule mwingine alikuwa hapo ng'ambo tu, Likoni, kanisa la huko lilishamchukua. Kutoka hapa mpaka Feri si safari, na abiria wa miguu hakuna anayemuuliza nauli. Sikuvuka. Niliona haya. Na nisikufiche, nilikuwa nasema kesho, kama nisemavyo kila jambo linalotaka nivae viatu. Mke wangu alifariki huku akisikiliza ngazi.

Mazishini Mchungaji Elijah alihubiri mahubiri ambayo Taita wanayasifu hadi leo. Niliyasikia yote. Nilirudi nikapika chai, nikamimina vikombe viwili kwa mazoea, na kimoja kikapoa. Mpaka leo bado hunitokea.

Basi, mwanangu, akija anayetaka kuitwa, msikilize akihubiri, lakini usiishie hapo. Jumatatu wazungukie walio vitandani, wajane, na wale wasioweza kushuka ngazi, uwaulize kama alifika kwao, na alipofika kama alikaa au alisimama mlangoni. Hao hawaji kikaoni kusema, na ndio watakaomhitaji kuliko wote. Na akitokea mcheshi wa kuwachekesha katikati ya shauri, cheka ukitaka, halafu mrudishie nafasi yule mama aliyeketi.

Mungu akupe masikio ya kusikia na nguvu ya magoti ya kupanda ngazi za watu. Akupe na mtu wa kukaa nawe siku yako ikifika. Amina.

Barua hii nimemsomea Bi Zuhura alipoleta mbaazi. Aliisikiliza yote amesimama, sahani mkononi, nami nikangoja anisifu angalau mwandiko. Akaniambia: "Mchungaji hakuja, haya. Na wewe, Baba Mghoi, umekwenda kwa nani?"