Kuchi wa Babu na Eda ya Bibi

Gunia bichi likipigwa na jua hutoa harufu ya vumbi, kamba na mchele wa zamani. Nimeishi miji mingi, maana mimi ni mtu nisiyekaa mahali nikatulia, na kila nikipita sokoni nikakuta muuza mboga amelinyunyizia gunia lake maji, miguu husita yenyewe. Narudi Al Khuwair, mtaani kwetu Maskati, uani kwetu, miaka ya tisini. Mimi mtoto wa miaka tisa hivi, na mbele yangu tundu la kuku lililofunikwa magunia yanayochuruzika.

Kuku wenyewe walikuwa kuchi. Usiyewajua kuchi, mfikirie kuku aliyesimama wima kama askari wa zamu: miguu mirefu, shingo ndefu yenye manyoya machache, mdomo mfupi uliopinda kama wa kasuku, na jicho la mtu asiyependa kuulizwa maswali. Babu mzaa baba aliyaleta mayai yao kwa ndege kutoka Unguja, ameyafunga ndani ya khanga za Bibi, akayapakata safari nzima. Kuku wa jirani akayalalia. Jogoo aliyetoka humo Babu alimwita Kadhi, kwa kuwa hata akila alikuwa kama anayehukumu.

Hatukumjua mtu mwingine Maskati nzima aliyefuga kuchi, na Maskati haikuwataka. Ukiingia mwezi wa tano, ukuta wa uani huwezi kuuegemea, na maji ya bomba yanachoma mkono. Vifaranga walikufa mdomo wazi, kila kiangazi. Babu alipigana: magunia ya maji, vipande vya barafu kwenye beseni, maganda ya tikiti. Watu wakimcheka, hujibu, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," kisha hujitazama miguu yake mwenyewe. Mimi nilicheka kwa sababu hapakuwa na kamba.

Bibi hakuwapenda, na mtaa mzima ulijua.

"Makuku gani haya? Hayatagi, hayaliki, shingo kama mabomba! Nyumba nzima tumeiacha Unguja, wewe umekwenda kuleta kuku!"

"Nyumba haikuingia mkobani, mke wangu," Babu alimjibu.

Babu akafariki mwanzo wa joto. Viangazi vilikuwa vimeshatuachia Kadhi na tembe, jike mmoja tu. Bibi akaingia eda. Alivaa nyeupe, akakaa chumbani kwake miezi minne na siku kumi, na kwa desturi ya kwetu hakutakiwa aonekane na mwanamume wa kando, wala sauti yake isisikiwe. Dirisha lake lilitazama uani, lakini jirani alikuwa akiongeza ghorofa, na mafundi juu ya paa waliuona ua wetu wote. Basi pazia likashushwa.

Wiki chache baadaye yule tembe akaanza kuatamia. Hapo ndipo Bibi, asiyewapenda kuku, alipogeuka jemadari nyuma ya pazia. Mafundi wakishuka tu, nasikia:

"We Zuwena! Gunia limekauka!"

"Nimelitia maji sasa hivi, Bibi."

"Umelitia maji, au umelionesha maji?"

Mama alitania, "Leo mama nawe unawapenda kuku?"

"Siwapendi. Nnawaangalia tu."

Ami Salim, mdogo wake baba, alitaka kuwachinja wote, yaishe. Bibi alimwita mpaka mlangoni mwa chumba. "Subiri mayai. Akitoka kifaranga hata mmoja, kuku wa baba yako wapo. Wasipotoka, ndiyo basi tena, hakuna kuchi." Sisi sote tukaanza kuyasubiri mayai yale kama watu wanaosubiri mgeni.

Siku moja baba alitupeleka mimi na mama Matrah, Bibi akabaki nyumbani peke yake. Kabla ya kuondoka mama aliyalowesha magunia na kujaza beseni mpaka ukingoni. Tulikuwa turudi kabla ya adhuhuri, lakini gari likazimika karibu na Bandari ya Sultan Qaboos, na baba akahangaika nalo mpaka alasiri.

Tulipofungua geti, kitu cha kwanza nilichoona ni pazia. Lilikuwa limevutwa kando. Bibi alikuwa dirishani, mikono yote miwili imetoka baina ya nondo mpaka mabegani. Chini ya dirisha kulikuwa na kikombe, bakuli, birika lake la udhu, na chupa tupu ya marashi. Sakafu ya uani ilinuka mawaridi. Pale maji yalipoanguka palibaki alama zilizokauka, moja mbele ya nyengine, zikielekea kwenye tundu. Zote ziliishia njiani.

Kadhi alikuwa amelipindua beseni, naye amelala ubavu kando yake. Tembe hakuwa ameondoka juu ya mayai. Alikufa ameyakalia, mbawa amezitandaza.

"Hayakufika," Bibi alisema. "Narusha, narusha, hayakufika."

Juu ya paa la jirani fundi mmoja alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Baba alimuuliza kama hakuona kitu. Akajibu kwa Kiarabu chake cha kazini kwamba alimwona mama mmoja mtu mzima akimwaga maji, akadhani anaosha uani. "Angeniita, ningeshuka."

Bibi aliyasikia hayo. Akashusha pazia.

Mayai aliyaomba. Aliyafunga kwenye khanga, akayaweka mapajani siku kadhaa, akiyaweka kando wakati wa sala tu. Hakuna lililopasuka. Baba akayafukia nyuma ya nyumba. Eda ilipokwisha Bibi alioga, akafukizwa udi, akatoka uani, na hakugeuza uso upande lilikokuwa tundu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Tanga, nilimsikia mwalimu mmoja akiwasomesha wanawake kwamba mjane wa eda hakukatazwa kuingia uani mwake, wala kusema na mwanamume panapokuwa na haja. Nilirudi nyumbani na hasira. Niliwahesabia kosa wanawake wote wa kwetu: kwa nini hamkumwambia? Hasira hiyo nikazunguka nayo mji hadi mji. Nilipokwenda Maskati kumtazama mama, nikammwagia.

Mama aliniangalia kama aliyesikia kichekesho kibaya. "Nani amwambie, Zuwena? Yeye ndiye aliyetusomesha hayo hayo. Pale pale sebuleni."

Bibi alikuwa keshazikwa, sikuweza kumuuliza. Ninalo ninaloliamini tu. Mtaa mzima ulikuwa umemsikia akimgombeza mumewe miaka yote kwa ajili ya kuku wale, na sasa hakuwa na namna ya kuyarudisha maneno. Alichobaki nacho cha kumpa kilikuwa eda, na aliitaka iwe kamili, pasi na mtu wa kusema Bi fulani alitoka. Utotoni niliamini kwamba nondo zile ndizo zilizomzuia. Mlango wa chumba chake ulikuwa nyuma yake, haukufungwa kwa ufunguo, na yeye alijua kwamba angeweza kuufungua.