Kigari Kisichogeuka

Nilirudi Garsen nikichechemea, na kilichoniudhi kuliko maumivu ni kwamba hakuna aliyeniamini. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nchi moja ya Ghuba, Uarabuni, katika kiwanda cha kuchapisha magazeti, ambako vigari visivyo na dereva vilibeba roli za karatasi vikifuata waya uliofukiwa sakafuni. "Gari bila dereva!" wakacheka wenzangu kibandani kwa muuza chai. "Basi dereva wako ni jini." Mzaha wa siku moja huvumilika. Huu ulidumu mwezi mzima.

Kwenye zamu nilikuwa peke yangu ukumbini. Vigari kumi na viwili, mimi mmoja. Siku ya kwanza msimamizi alinifundisha kwa Kiingereza na kwa ishara za mikono: tembea ndani ya mstari wa manjano; taa ya kigari ikimwekamweka, kaa kando; usisimame mbele ya kigari hata ukidhani kitasimama; ukiona hatari, bonyeza kitufe chekundu cha ukutani. Nilielewa yote. Lakini mimi ni mtoto wa wafugaji, na mwili wangu ulikuwa na masomo yake ya zamani.

Siku ya ajali ngazi yangu ilianguka kwenye njia ya vigari, na kigari kimoja kikaja na mzigo. Kitufe kilikuwa hatua nne tu. Mimi nikafanya nilichozoea tangu utotoni mbele ya fahali mkaidi: nikaruka katikati ya njia, nikainua mikono, nikapiga ukelele. Fahali akikuona hugeuka. Kigari hakikuona chochote. Ukingo wake wa mbele uliponigusa kilisimama, kama kilivyotengenezwa, ila vidole viwili vya mguu vilikuwa vimeshaingia chini. Nililia kwa Kiorma, lugha ya kwetu, wala hapakuwa na mtu wa kusikia, anayekijua au asiyekijua. Kitufe sikukifikia tena. Tukakaa hivyo, mimi na kigari, taa yake ikimwekamweka, hadi zamu nyingine ilipoingia.

Baba alipofuka macho nikiwa huko Ghuba. Nilichelewa kumweleza kwa aibu: mchungaji mzima kushindwa na kigari! Lakini yeye ndiye niliyetaka aniamini, na naye angecheka, basi nisingesema tena kwa mtu yeyote. Nilimsimulia asubuhi moja, ng'ombe wakianza kutolewa zizini.

Hakucheka. Alinivua kiatu, akaupapasa mguu polepole mpaka akafika penye pengo.

"Kwa hiyo hakina macho," akasema.

"Hakina, Baba."

"Na wewe, mwanangu? Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kukupigia kelele utoke?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza waya, taa na kitufe.

"Hapakuwa," nikasema.

Aliendelea kuushika mguu wangu mpaka ng'ombe wote wakatoka.