Notisi ya Siku Tisini

Fundi cherehani aliandika kesi yake mwenyewe, kwa mkono, kurasa arobaini, akazishona pembeni kwa uzi mweusi kama anayeshona koti la bwana harusi. Aliwashtaki polisi waliomweka ndani siku nne bila kosa, na halmashauri iliyovunja kibanda chake. Hakutaka wakili: nani angeeleza machungu yake kumshinda yeye?

Jaji hakufika hata ukurasa wa pili.

"Serikali haishtakiwi hivi hivi, mzee. Kwanza unaipa notisi ya siku tisini. Kesi naitupa."

Siku tisini! Wao siku ile walimpa hata dakika ya kuvaa shati?

"Notisi naipeleka wapi, mwanangu?" alimuuliza karani mlangoni.

"Kwa hao hao unaowashtaki, baba. Waipokee, wagonge muhuri."

Kesho yake akaingia kituoni na notisi yake, nayo kaishona. Kwenye kaunta alikuwepo afande yule yule aliyemfungia. Akaisoma taratibu, akaguna, akaitia kwenye droo.

"Mwenye muhuri katoka. Msubiri kule," akasema, akionyesha mlango wa mahabusu. "Viatu vua, uviache hapa."