Sauti ya Mkamwana Nyuma ya Tela

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka upya. Usinione nimezeeka ukadhani hasira nayo imezeeka. Kabla hujashika njia, kaa hapo unisikilize, na usinikatize.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, nimeolewa kijijini Ipyana, hata mwaka sijamaliza. Mume wangu Ambokile alikuwa dereva wa lori la mpunga, na ufundi alijifunza hukohuko barabarani. Baba yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mpima barabara. Mzungu yule aliishi ndani ya tela, nyumba kabisa ya mbao na bati juu ya magurudumu, ina kitanda, ina meza ya kukunja, inakokotwa na gari popote anapokwenda. Alipoondoka kurudi kwao akaiacha kwa mpishi wake. Ikakaa uani kwetu, kuku wanataga ndani, panya wanatafuna nyaya. Halafu akatokea mtu wa Tukuyu anaitaka, na baba mkwe akaapa kwamba lazima ifike siku ileile.

Sasa, taa za nyuma zilikuwa zimekufa. Ambokile akang'oa nyaya kuukuu zote, akapitisha mpya chini ya tela kutoka kwenye lori mpaka kwenye zile taa mbili, akafunga viungo kwa utepe. Kwa macho ilikuwa kazi safi. Lakini ule waya wa kurudisha umeme kwenye chasi, yaani mifupa ya chuma ya tela, aliufunga juu ya rangi na kutu, hakukwangua chuma kwanza, basi umeme ukakosa njia nzuri ya kurudi. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Kukagua kazi ya namna hiyo kunataka watu wawili, mmoja akanyage breki mbele, mwingine aangalie nyuma. Nyumbani nilikuwepo mimi tu, akaniita.

Nikasimama nyuma. Akawasha taa, zikawaka zote mbili, nikamwambia. Kabla hajakanyaga breki nikasikia baba mkwe anakohoa, anakuja kupitia ubavuni mwa tela.

Ninyi vijana wa leo mnakula meza moja na wakwe zenu, mnacheka nao. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Jina lake hulitaji, na sauti yako hatakiwi kuisikia. Ukijua anakuja, unakimbia, ndiyo maana alikohoa. Nikajifunika nguo kichwani, nikajitupa kwenye migomba. Naye akaipa tela mgongo, asije akaniona.

Ambokile akakanyaga breki. Taa zote mbili zikafifia, zikazimika! Akaachia, zikawaka. Akakanyaga tena, zikazimika. Mimi naziona kutoka migombani.

“Vipi huko, zinawaka?” akauliza.

“Zinawaka. Twende, mvua inakuja,” akajibu baba mkwe. Mtu aliyezipa taa mgongo!

Nikapiga kelele. “Zinazimika! Ukikanyaga breki zinazimika!” Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Walinisikia, mwanangu. Wote wawili walinisikia. Lakini kukubali kwamba wamenisikia ilikuwa kukubali aibu, basi wakaamua hakuna aliyesema. Ambokile, mume wangu mwenyewe, akakusanya koleo zake, akampandisha baba yake kwenye lori, wakaondoka na tela yao.

Kwenye mlima wa Tukuyu ukungu ukawashukia. Ng'ombe wakavuka barabara, Ambokile akakanyaga breki. Lori lililokuwa likiwafuata halikuona taa yoyote mbele yake. Likaivaa tela, likalisukuma lori letu likagonga mti. Baba mkwe alitoka na mchubuko kwenye paji la uso. Mume wangu alibanwa mguu wa kulia, na hospitali wakaukata. Hakuendesha tena gari maisha yake yote.

Hata kidonda hakijakauka, wazee wakaja nyumbani. Unadhani walikuja kuzungumza habari za taa? Walikuja kumtaka baba yangu alete ng'ombe, kwa sababu binti yake amepaza sauti mbele ya baba mkwe! Mimi niko ndani, nyuma ya ukuta, nimeuma nguo kwa hasira. Aliyewajibu ni mama yake baba mkwe, bibi ambaye macho yalikuwa yameanza kumtupa.

“Gwe, wewe mwanangu,” akamwambia, “sauti uliisikia?”

“Niliisikia, mama.”

“Ilisema nini?”

Nikamsikia anakohoa tu.

“Nimekuuliza, ilisema nini?”

“Ilisema taa zinazimika.”

“Basi usiniletee aibu hapa. Heshima tuliiweka ili watu wa nyumba moja wakae kwa amani. Wewe umeifanya pamba ya masikioni, na mwanao amelala hana mguu. Ng'ombe hatatoka kwa baba wa binti huyu. Kama ni lazima atoke, atoke zizini kwako.”

Wazee wakaaga. Baba mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, ng'ombe hakumtoa, na neno la samahani hakulituma hata kwa mdomo wa mtu mwingine. Mimi niliendelea kumheshimu, nikisikia anakohoa nakimbia. Lakini sikumsamehe, na sitakudanganya leo kwamba nimesamehe.

Mwanangu, mila zako zishike, sikwambii uzitupe. Ila mtu akikwambia kuna hatari, sikia kwanza kilichosemwa, habari za nani amesema zitafuata. Awe mkeo, awe mtoto, awe yule usiyepaswa kumsikia. Na usithubutu kusema “zinawaka” juu ya kitu ulichokipa mgongo. Wale wawili waliogopa aibu ya mchana mmoja. Mimi nilimvalisha Ambokile kiatu kimoja kila asubuhi mpaka tulipomzika.

Haya, nenda. Kyala, Mungu wetu, akutangulie njiani, akufungue masikio, na akurudishe kwa mkeo ukitembea kwa miguu yako miwili.