Kiwavi Niliyemfuta Pichani

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya hamsini, mwanangu, nimepiga magoti katika kitalu cha miche ya mikarafuu cha Bi Zuhura, huko Bububu, nikishika kioo ili kummulikia jua buibui asiyezidi punje ya choroko. Mbele yangu alilala kifudifudi Fundi Kassim, mpiga picha wa Mji Mkongwe, kamera yake ameishusha hadi karibu na udongo.

Nalisimulia hili kwa sababu juzi nimemsikia mtu mzima akisema barazani kuwa miche ya Bi Zuhura iliteketea kwa ajili ya picha mbovu ya Fundi Kassim. Nilikasirika, na hasira hiyo ningali nayo. Picha haikuwa mbovu. Aliyeiharibu ni mimi. Na kwa kuwa umri wangu wote afisini nilisahihisha kumbukumbu za wengine, hii yangu sitaiacha ikae vibaya.

Wakati huo nilikuwa karani kijana katika afisi moja ya kilimo. Majani ya miche yalikuwa yakitobolewa, na Bwana Mkubwa wetu alitaka kujua ni mdudu gani. Kila tulipokwenda tulimkuta buibui huyo juu ya majani: si yule wa kutanda utando pembeni mwa nyumba, bali yule mfupi, mwenye manyoya, anayenyemelea na kuruka. Fundi aliisogeza lenzi mbali na kamera kwa mfuko mrefu wa ngozi unaokunjuka kama mvukuto, ili kiumbe kile kidogo kionekane kikubwa, kisha akangoja.

"Usitikise mkono, Bwana Karani," aliniambia. "Huyu anakutazama kuliko unavyomtazama wewe."

Picha iliponifikia nilistaajabu. Usoni macho manne kwa safu, mawili ya kati makubwa kama taa za gari; mengine manne yamepangwa juu ya kichwa, kuelekea nyuma. Chini ya macho taya mbili nene, na kando yake vijikono viwili vya manyoya. Lakini chini ya taya kilining'inia kitu cheupe kilichopinda, kama uzi. Nikakichukulia kuwa ni mkwaruzo. Fundi alikuwa amekwenda Pemba harusini, nami sikumngoja. Nilitwaa wembe na wino, nikakwangua, nikapaka, ukabaki uso safi. Niliipenda mno kazi yangu. Nikaibandika picha jaladani na kuandika chini yake kwa hati nzuri: "Mdudu aliyeonekana juu ya majani yaliyoliwa."

Bwana Mkubwa aliisoma, akaitazama, akaamuru miche yote ing'olewe na kuchomwa moto kabla mdudu huyo hajaenea.

Siku ya kuchoma, Fundi Kassim alirejea kutoka Pemba, akapita afisini kuiona picha yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi." Hakuitikia. Alikuwa ameliinamia jalada.

"Buibui wangu alikuwa na kiwavi mdomoni," alisema. "Nani kamnyang'anya?"

"Palikuwa na uchafu, Fundi. Nimeusafisha."

"Uchafu! Huo uchafu wako ndio unaokula majani. Huyu hana cha kutafunia jani. Ana kucha mbili za sumu chini ya taya. Humtoboa kiwavi, akamfyonza. Wewe umemfuta mwizi, ukamwacha mlinzi ndiye atiwe pingu. Na jina langu liko nyuma ya picha hiyo, kijana."

Nililibeba jalada hadi mezani kwa Bwana Mkubwa, na kabla hajaniuliza nikamwambia kuwa mkono uliokwangua ni wangu. Alichukua kalamu, akaandika kuibatilisha amri. Nikapanda baiskeli, sikupumzika mpaka Bububu. Matuta mawili yalikuwa yameshakuwa majivu. Yaliyobaki yaliokoka.

Bi Zuhura alikuwa amesimama kando ya majivu, kanga ameifunga kiunoni. Nilimweleza yote, pamoja na habari za viwavi.

"Viwavi?" alisema. "Viwavi mie nnawaokota kila asubuhi, nnawatia koponi, nnawapa kuku. Kuna aliyeniuliza? Nyie mmekuja na kamera yenu, mkamuuliza buibui!"

Nilivua koti, nikachukua kopo, nikaokota naye hadi adhuhuri.

Kesho yake Fundi alileta picha nyingine aliyoichapisha kutoka kioo kile kile cha kamera alichopigia ya kwanza, ambacho wembe wangu haukukigusa, kiwavi yumo. Niliibandika chini ya ile ya kwanza, wala ya kwanza sikuing'oa. Nikaandika: "Picha ya juu niliikwangua mimi bila ya kuuliza. Mpiga picha hana lawama." Nikatia saini. Fundi aliyasoma maneno hayo taratibu, akavua miwani, akanitazama.

"Marahaba," alisema.

Basi, mwanangu, sikiliza. Usiondoe katika kumbukumbu kitu usichokijua, ati kwa kuwa kinachafua sura yake. Muulize aliyekiona kwa macho yake, na muulize anayeamka nacho kila siku, hata kama hana meza wala muhuri. Na ukikosea, sahihisha pale pale ulipokosea, kwa jina lako, kabla mwenzako hajabebeshwa kosa lako.

Mwenyezi Mungu akupe jicho lenye subira na mkono usio na papara, na wale utakaowakosea awape umri mrefu, wayasome masahihisho yako na kuitikia salamu yako. Amin.