Michoro Miwili Iliyofutwa

Majirani walimwita Profesa Hewa. Kila walipomuuliza mkewe mumewe anafanya kazi gani, mama wa watu aliwajibu, "Anahesabu vitu visivyoonekana." Mwenyewe wala hakuudhika. Kazi yake ilikuwa nadharia ya uga wa kwanta, fizikia ya chembe ndogo mno, na huko kila namna chembe hizo zinavyoweza kukutana huchorwa kwa mistari, kisha kila mchoro huzaa hesabu ya kurasa tele. Hesabu moja ilimlia ujana wake wote. Binti yake alijifunza kutembea yeye akiwa mezani, akaolewa yeye yuko mezani bado. Siku makala yake ilipotoka jaridani, alilia kama mtoto.

Mwaka wa kustaafu, akiwa anahamisha vitabu ofisini, akaamua kuipitia tena hesabu ile, kujifurahisha tu. Hakufika mbali. Ipo michoro ambayo wanafizikia huifuta bila kuihesabu, kwa kuwa jibu la huu huondolewa na jibu la ule. Miwili alikuwa ameifuta zamani kwa mazoea hayo hayo. Sasa akaihesabu, na haikuondoana hata kidogo. Jibu lake lote lilikuwa bure kabisa.

Aibu angeivumilia. Kilichomkata maini ni kuwafikiria vijana wa watu, huko waliko, wanaopoteza miaka yao juu ya kosa lake, kama yeye alivyopoteza ya mkewe. Asubuhi akabisha hodi kwa mkuu wa idara, mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake zamani.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu kiti."

"Marahaba, mwanangu. Nimeharibu." Akamweleza yote bila kumeza mate. "Lazima tuwaandikie wote walioitumia. Leo hii hii."

Mkuu wa idara akageukia kompyuta, akatafuta. Akatafuta tena. Akavua miwani, akaipangusa muda mrefu ingawa haikuwa na vumbi.

"Usijisumbue, Mwalimu," alisema kwa upole. "Hatuna wa kumwandikia."

"Una maana gani?"

"Hakuna aliyeitumia."

Njia nzima ya kuja hapo mzee alikuwa akimwomba Mungu asiwe amemharibia mtu maisha. Basi akasema ahsante, tena akajitahidi kutabasamu. Kisha, badala ya kuinuka, akamwomba atafute mara moja tena.